Sufuria ya Masika
Maneno ya mwalimu mstaafu wa sayansi kimu, mbele ya wanachama na wageni, siku ya sherehe ya miaka kumi ya kikundi



Awali ya yote nawapongezeni kwa kutimiza miaka kumi. Kikundi kuanzishwa ni jambo moja, kikundi kudumu ni jambo lingine. Vingi huanza kwa vigelegele na kufa kimya kimya. Chenu kimesimama, sanduku lipo, vitabu vipo, na watu wanatazamana usoni bila kukwepana njiani. Hilo peke yake linatosha kupigiwa makofi. (Makofi.)

Kamati iliponiomba niseme machache, iliniambia hivi: mwalimu, wengine watazungumza juu ya hisa na mikopo, wewe tuzungumzie mapishi, tena mapishi ya wakati wa mvua na baridi. Nikakubali. Lakini nawaambia mapema kwamba sitaweza kutenganisha jiko na sanduku. Jiko likiendeshwa vibaya mwezi wa nne, sanduku linaugua mwezi wa saba. Ndiyo habari yangu yote ya leo, na yaliyobaki ni kuieleza.

KWA NINI MASIKA

Sisi wa mteremko huu wa Kilimanjaro tunaijua kalenda yetu. Masika hufunguka mwezi wa tatu, hushika sana mwezi wa nne na wa tano. Mvua ikipungua, unakuja ukungu, na mwezi wa sita na wa saba ni baridi na manyunyu. Sasa tazameni mama anayo nini wakati huo. Mahindi na maharage ya shamba la chini yamepandwa juzi tu, bado yako ardhini. Kahawa bado ni mbichi mtini. Kuni zimelowa. Barabara ya kwenda sokoni ni utelezi, na bei ya maharage imepanda kwa sababu ya mwaka jana yamekwisha na ya mwaka huu hayajaja.

Na hapo hapo watoto wanarudi shule wamelowa chapachapa, meno yanagongana, njaa imewashika kuliko wakati wa jua. Si uongo wa watoto. Mwili uliolowa na kupigwa na baridi unatumia chakula kingi zaidi ili ujipashe joto. Mtoto huyo ukimpa chai ya rangi na kiporo cha ugali, umemtuliza kwa nusu saa tu.

Basi mama anafanya nini? Anakuja hapa kwenye kikundi, anaomba mkopo. Si mkopo wa kuku, si mkopo wa mbolea, si wa cherehani. Ni mkopo wa chakula.

Jamani, simcheki mtu. Watoto lazima wale. Lakini tufanye hesabu kidogo, kwa mfano tu. Tuseme mama amekopa shilingi 60,000, riba ni asilimia 10 kwa mwezi, naye atarudisha baada ya miezi 3. Kila mwezi riba ni shilingi 6,000. Miezi 3 ni shilingi 18,000. Kwa hiyo chakula cha shilingi 60,000 amekinunua kwa shilingi 78,000, na alikinunua wakati bei iko juu. Kuku angetaga, akalipia mkopo. Unga ukishaliwa umekwisha.

Mtaniambia, mwalimu, riba hiyo haiendi mbali, mwisho wa mwaka tunagawana wenyewe. Ni kweli. Lakini mnagawana kwa hisa, sivyo? Mwenye hisa nyingi anapata nyingi, mwenye hisa chache anapata kidogo. Na anayekopa unga mwezi wa nne ni nani? Mara nyingi ni yule yule mwenye hisa chache. Maana yake, akina mama, mkopo wa chakula unatoa fedha kwa mnyonge wa kikundi na kumpelekea mwenye nafuu. Hakuna aliyekusudia hivyo, na hakuna mwizi hapa. Lakini ndivyo hesabu inavyokwenda, na kikundi cha miaka kumi kina umri wa kutosha wa kulitazama jambo hili.

Ndiyo sababu nimekuja na sufuria.

SUFURIA YENYEWE

Wazee wetu hawakutuacha bila kitu. Kihamba chetu, mgomba juu na magimbi chini, ni ghala la masika. Mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa liliingiza kihamba cha Shimbwe Juu, huku huku Kilimanjaro, katika orodha ya urithi wa kilimo duniani. Wageni wamekuja kuona kitu ambacho sisi tunakipita kila asubuhi tukienda kununua unga.

Na mapishi tunayo. Tuna mtori, ndizi na nyama zilizopondwa mpaka zikawa laini, chakula tunachompa mzazi. Tuna machalari, ndizi na nyama bila kupondwa. Tuna kiburu, ndizi na maharage. Mimi leo nawapa sufuria moja inayochukua kidogo kutoka kwa wote watatu. Inatosha watu 8, au watu 6 na kiporo cha asubuhi.

Vitu vinavyotakiwa ni hivi: maharage makavu nusu kilo, mifupa ya supu kilo 1, ndizi mshare 12 hadi 15, kwa ukubwa wake, karoti 3, vitunguu 2, nyanya 3, kipande cha tangawizi kama kidole gumba, mafuta vijiko 2 vya chakula, chumvi, na fungu moja la mnafu. Mnafu ukikosekana weka majani ya maboga. Ndizi zikiwa chache ongeza magimbi, lakini yaive barabara, kwa sababu gimbi lisiloiva huwasha koo.

Kwanza, jioni ya kuamkia siku ya kupika, chambua maharage, yaoshe, yaloweke katika maji mengi, mara 3 ya maharage yenyewe. Hapa msinifanyie haraka. Maharage yaliyolala majini yanaiva upesi zaidi, na kila dakika unayoipunguza ni kuni iliyobaki darini. Tena sisi wa mlimani tunahitaji kuloweka kuliko ndugu zetu wa Tanga. Pwani maji huchemka yakifika nyuzi 100. Ukipanda mita 1,500, maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi. Yanatokota, ndiyo, lakini hayana moto ule ule. Ndiyo maana maharage ya huku yanachelewa, hata kama umenunua yale yale.

Pili, asubuhi mwaga maji uliyolowekea, weka mapya, teleka. Yakianza kuchemka, acha yatokote kwa nguvu dakika 10 kamili, tena sufuria ikiwa juu ya moto mkali. Hili ni la lazima. Maharage, hasa mekundu, yana sumu ambayo moto mdogo hauiondoi. Yakipikwa kwa vuguvugu bila kutokota yanaleta kutapika na kuharisha. Yakichemka vizuri sumu inakwisha, hakuna tatizo.

Tatu, ingiza mifupa iliyooshwa. Povu likipanda, liengue. Weka maji yazidi vyote kwa vidole vinne, funika, punguza moto. Acha saa 1 hadi saa 1 na nusu, mpaka harage ukilibana kati ya vidole linapondeka. Wengi wetu huona mifupa ni chakula cha aibu, eti mgeni akija utaficha. Jamani, mfupa una uboho na mafuta, na ile nyama iliyobaki pembeni ndiyo tamu kuliko yote. Bei yake buchani si sawa na steki.

Nne, menya ndizi. Paka mikono mafuta kwanza, utomvu usigande. Kila ukimenya, tumbukiza kwenye maji zisiwe nyeusi. Zikate vipande vya kiasi, ziingie sufuriani pamoja na karoti. Dakika 25 hadi 30 zinatosha. Kama una mtoto mdogo aliyeanza kula, ndizi zikishaiva mtolee za kwake kabla ya chumvi nyingi, pamoja na maharage na mchuzi, uponde kwa mwiko mpaka ziwe laini.

Tano, na hapa ndipo wengi hukosea, nyanya ziingie mwisho. Nyanya ina ukali, na ukali unazuia harage kulainika. Ukiweka nyanya mapema utachochea kuni mpaka jioni, halafu uje kusema duka la fulani linauza maharage mabaya. Kaanga vitunguu na tangawizi kwenye kikaango, tia nyanya zipondeke, kisha mimina vyote sufuriani ndizi zikishaiva. Tia chumvi, onja.

Sita, dakika 5 za mwisho tia mnafu uliokatwa. Epua, funika, acha itulie dakika 10. Mchuzi utajishika wenyewe, kwa sababu ndizi chache zitakuwa zimepondeka. Huna haja ya unga wa kuzidishia.

Neno moja juu ya magadi. Najua wengi huweka magadi ili maharage yaive haraka. Yanaiva, ni kweli, lakini magadi yanaharibu vitamini B1 iliyomo ndani ya maharage. Umelipia chakula, halafu umekitupa. Kuloweka kunafanya kazi ile ile bila hasara kubwa kama hiyo.

Na neno la pili, juu ya chai. Maharage na mnafu vina madini ya chuma, yanayoongeza damu, na ninyi mnajua akina mama na watoto wetu wanavyosumbuliwa na upungufu wa damu. Chai ikinywewa pamoja na chakula hicho huzuia mwili kuyachukua madini hayo. Chungwa au kipande cha papai huyasaidia. Kwa hiyo, chai isubiri saa moja hivi. Baridi haitamuua mtu kwa saa moja, hasa tumbo likiwa na bakuli la moto.

MOTO, MOSHI NA MKAA

Sasa tuongee juu ya moto, kwa sababu masika ndiyo msimu wa moshi. Kuni mbichi zinakula mara mbili: zinakula muda wako, na zinakula macho na kifua chako. Mvua ikinyesha tunafunga mlango na dirisha la jiko, tunabaki ndani na mtoto mgongoni. Moshi ule ni chanzo kimojawapo cha homa ya mapafu kwa watoto wadogo. Basi, kuni zianikwe na kupangwa pakavu tangu mwezi wa pili. Fungua dirisha hata kama manyunyu yanaingia kidogo. Funika sufuria. Sufuria isiyofunikwa inachemsha hewa.

Kuna njia nyingine ambayo wengi mliisikia miaka ya nyuma mkaiacha: kapu la joto. Chukua kapu kubwa au boksi, lijaze majani makavu ya migomba yaliyoshindiliwa, acha shimo la kutosha sufuria, na ushone mto wa matambara wa kufunikia juu. Maharage yaliyolowekwa, pamoja na mifupa, yatokote motoni dakika 30 sufuria ikiwa imefunikwa. Kisha, bila kufunua, hamishia sufuria ndani ya kapu, funika kwa mto, nenda shambani. Ukirudi baada ya saa 3 au 4 yamelainika, bado ni ya moto. Rudisha jikoni, yachemke tena vizuri, tia ndizi, endelea kama nilivyosema. Umetumia kuni za nusu saa badala ya saa moja na nusu. Lakini angalieni: zile dakika 10 za kutokota kwa nguvu hazina msamaha. Kapu linalainisha, haliondoi sumu.

Wenye mtungi wa gesi nao hili linawahusu, maana mtungi unakwisha haraka kwa sababu ya maharage kuliko kitu kingine chochote. Serikali ilizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia mwaka 2024, na lengo lake ni kwamba ifikapo mwaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi. Ni jambo jema. Lakini mtungi ukishapatikana, anayeujaza ni mama. Kuloweka, kufunika na kapu ndivyo vitakavyoufanya mtungi ufike mwisho wa mwezi.

Na hili naomba mlisikie wote, na akina baba pia. Usiku wa baridi, msiingize jiko la mkaa chumbani mkalala nalo. Mkaa unaowaka, hata usiotoa moshi, unatoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi. Haikohozeshi, haikuamshi. Inakulaza moja kwa moja. Watu wamekufa familia nzima kwa kutafuta joto. Ukitaka kulala na joto, kula chakula cha moto, vaa soksi, laleni watoto pamoja, jiko libaki nje. Mkiyasahau yote niliyosema leo, hili moja msilisahau.

PENDEKEZO KWA KIKUNDI

Sasa narudi kwenye sanduku, kama nilivyoahidi. Maharage hushuka bei wakati wa mavuno, mwezi wa saba na wa nane. Nasema hivi: kikundi kinunue maharage wakati huo, kwa pamoja, yakiwa makavu sawasawa. Tuseme mko akina mama 25 na mmenunua gunia 2 za kilo 100. Kila mmoja ana kilo 8. Sufuria yangu inatumia nusu kilo, kwa hiyo kila mama ana sufuria 16. Ukipika mara 2 kwa wiki, ni wiki 8, yaani karibu mwezi wa nne wote na wa tano wote. Miezi ile ile ambayo leo mnaandika mikopo ya unga.

Mtauliza, na wadudu? Ipo mifuko ya plastiki isiyopitisha hewa, madukani wanaiita mifuko ya kinga njaa. Ukijaza maharage makavu na kuifunga vizuri, wadudu walioko ndani wanakosa hewa, wanakufa, na huweki dawa yoyote. Iwekwe juu ya mbao, mbali na ukuta, panya asiitoboe. Na pasiwe na joto wala unyevu, maana maharage yaliyokaa kwenye joto na unyevu huwa sugu, hayaivi hata ukiyabembeleza.

Fedha zitoke wapi? Mtaamua wenyewe, hiyo ni kazi ya mkutano. Wengine wanaweza kuchanga kidogo kidogo kila wiki kama wanavyonunua hisa. Asiye na fedha alipe kwa maharage aliyovuna. Yaandikwe kitabuni, kila mtu na kilo zake, funguo zikae kwa watu tofauti kama za sanduku. Ninachoomba ni kwamba yasikopeshwe kwa riba. Maharage haya yawe akiba ya mwenyewe, ayachukue masika ikifika bila kupiga magoti mbele ya mtu.

Mtu akisema maharage ni kitu kidogo kwa kikundi cha miaka kumi, mwulizeni Mweka Hazina afungue kitabu cha mikopo, ahesabu mikopo ya mwezi wa nne na wa tano, na atenge ile ya chakula. Msiniamini mimi, kiaminini kitabu chenu. Kama ni michache, nitafurahi, na mtabaki na sufuria tamu. Kama ni mingi, basi mnajua la kufanya ifikapo mwezi wa saba.

Sikusema kwamba mama asikope. Akope, tena akope zaidi, lakini akope kitu kitakachomrudishia: kuku, ng'ombe wa maziwa, mbegu, mtaji wa genge. Tumbo lilishwe na kihamba na akiba yake, mkopo ufanye kazi ya mkopo.

Ndugu Mwenyekiti, harufu ya jikoni inaniambia nimalize. Akina mama wa kamati ya chakula waliloweka maharage tangu jana jioni, mifupa ipo, mnafu umechumwa asubuhi hii. Karibuni mle, muonje, na mtakaoona chumvi imepungua msiseme ni mwalimu.

Nawatakieni miaka kumi mingine yenye vitabu safi na sufuria nzito.